Kilio Kilichofunikwa na Wimbo: Kuitazama Upya Filamu ya Kuchinjana ya Sikukuu

Mhadhara uliotolewa Mlandege, Iringa

Mada ya jioni hii si ya kumtoa mtu mwenye heshima zake nyumbani kwenye baridi hii. Naona wachache wenu mmechagua viti vya karibu na mlango. Hamjakosea, ingawa nitakayoyasema yatawaonyesha kwamba mlangoni si salama kama mnavyodhani.

Lengo la mhadhara huu ni kutetea dai moja. Nadai kwamba filamu ya kuchinjana iliyowekwa ndani ya sikukuu, ile ambayo muuaji anazunguka na kisu wakati wenzake wanaimba na kukumbatiana, haimhusu sana muuaji. Inawahusu watu wasiosikia. Nadai pia kwamba jambo hilo halionekani mtu anapoitazama filamu mara ya kwanza. Linajitokeza akiirudia, akiwa ametulia nyumbani kwake, akijua nani atakufa na saa ngapi. Mfano wangu mkuu ni Black Christmas, yaani Krismasi Nyeusi, iliyopigwa Toronto, Kanada, chini ya mwongozaji Bob Clark, ikatoka mwaka 1974. Nitaipa wenzake wachache wa kuisindikiza, kisha nitaileta huku kwetu, kwa sababu sioni faida ya kuwakalisha watu wa Iringa na Mbeya wakijadili theluji ya Toronto bila kurudi nyumbani.

Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Ni siku za Krismasi, chuo kinafungwa, na wasichana wanaoishi kwenye nyumba moja ya kupanga, chini ya matroni wao Bi. Mac, wanajiandaa kwenda makwao. Mtu mmoja asiyeonekana uso anapanda ukutani na kuingia darini kupitia dirisha. Anawapigia simu za matusi na vitisho, na anawaua mmoja mmoja. Polisi wanatafuta. Wakati wote huo muuaji yumo humo humo ndani, na simu anazipiga kwa kutumia laini ya pili ya nyumba hiyo hiyo. Hayo ndiyo yote, kwa maana ya kisa. Utajiri wa filamu uko kwingine.

Hoja yangu ya kwanza inahusu deki. Vijana mliozaliwa katika zama za flash na simu janja mtavumilia nikirudi nyuma kidogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kanda za VHS zilikuwa zimeshaingia sokoni huko Japani mwaka 1976, na katika miaka ya ruksa, Rais Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, deki zikazidi kuingia nchini. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi za Bara zilizobahatika, kioo cha kwanza sebuleni hakikuleta taarifa ya habari wala hotuba ya kiongozi. Kilileta kanda. Sisi tulijifunza kutazama picha nyumbani kwa kupitia kitu kinachorudishwa nyuma, kinachosimamishwa mgeni akibisha hodi, kinachoazimwa na jirani na kurudi kikiwa kimechakaa. Tabia hiyo ya kurudia haikufa kanda zilipokwisha. Imehamia kwenye sidii na sasa kwenye flash.

Kurudia huko kuna uzito zaidi katika filamu ya kutisha kuliko katika filamu nyingine yoyote. Hofu, ndugu zangu, ina swali moja tu: yuko wapi? Mtazamaji wa mara ya kwanza hana macho ya kitu kingine. Anapekua kila kona ya kioo akimtafuta mtu mwenye kisu, na kila anachosema mhusika kinampita. Anayerudia hana shida hiyo. Muuaji yuko darini, anajua. Sasa macho yake yako huru kuangalia sebule, mlango, meza, nani anaongea na nani hajibiwi. Wenye vibanda vya video mlioko hapa mnamjua vizuri mtu huyu, kwa sababu ndiye anayewaharibia wenzake starehe: "Huyo sasa hivi anakufa!" Wanamzomea, lakini ndiye peke yake ndani ya kibanda anayeitazama filamu yote. Hata usimulizi wa muvi zilizotafsiriwa, sanaa iliyowapa umaarufu kina Lufufu na DJ Mark, unategemea mtu wa namna hiyo. Msimuliaji hawezi kumwonya steringi kama hajaitazama kanda kabla yetu. Anaketi na wageni wa kisa, yeye mwenyewe akiwa mwenyeji wake.

Hoja ya pili ndiyo kiini, na nitakaa nayo kwa muda. Ukiirudia Black Christmas ukiwa na macho huru, utaona kwamba Bob Clark na mwandishi wake, Roy Moore, wameijenga nyumba nzima kwa masikio yaliyoziba. Msichana wa kwanza kuuawa, Clare, ananyongwa kwa mfuko wa plastiki kabatini kwake wakati ghorofa ya chini kuna tafrija. Baba yake anakuja kesho yake kumchukua kwa ajili ya sikukuu, anasimama mahali walipokubaliana, anasubiri, mtoto hatokei. Anakwenda nyumbani kwa wasichana, halafu polisi. Askari wa mapokezi anamchukulia kama mzazi wa kijijini asiyejua mambo ya vijana: binti atakuwa yuko na mvulana wake mahali fulani. Tazameni kinachotokea hapo. Siku za kawaida mtu akitoweka watu huuliza maswali. Siku za sikukuu kutoweka kuna maelezo tayari mfukoni: amesafiri, amekwenda kwao, amelewa, anastarehe. Sikukuu imempa muuaji siku nzima ya bure, na aliyempa si mtu mbaya bali ni askari mvivu mwenye jibu jepesi.

Baadaye mji unaamka. Mtoto mwingine wa shule amepotea, na watu wanajipanga usiku, kwenye baridi kali, wakiwa na tochi, kuchakura bustani ya mji. Ni picha nzuri ya ujirani, na mara ya kwanza inagusa moyo. Mara ya pili inauma, kwa sababu unajua kwamba mji mzima uko bustanini na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi kuangalia darini. Clare amekalishwa huko kwenye kiti cha bembea, karibu na dirisha, mfuko ukiwa bado usoni. Mtu aliyesimama nje akiinua macho angeweza kumwona. Hakuna anayeinua. Baba yake anaingia na kutoka kwenye nyumba hiyo, mwanawe akiwa juu ya kichwa chake.

Halafu kuna onyesho la waimbaji, ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa maonyesho bora kabisa katika aina nzima ya filamu hizi. Watoto wadogo wamekuja mlangoni kuimba nyimbo za Krismasi, kama ilivyo desturi kwao. Jess, ambaye ndiye steringi wa kisa, anafungua mlango na kusimama kuwasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze uso wake unapumzika. Kamera inawaacha watoto na kupanda juu, chumbani kwa Barb, rafiki yake aliyelala kwa pombe, na huko muuaji anamchoma kwa pambo la kioo lililokuwa mezani kwake. Tunarudi mlangoni; watoto wanaimba. Tunarudi chumbani; damu. Sauti ya chini ndiyo inayoifunika sauti ya juu. Hakuna kilio kinachofika. Aliyeitazama mara moja atakuambia kwamba hapo Barb alikufa. Aliyerudia ataona kwamba Jess alikuwa akifanya jambo jema kabisa, jambo ambalo kila mtu angelifanya Krismasi, na jambo hilo jema ndilo lililoziba masikio yake. Wimbo hauna kosa na watoto hawana kosa. Hata hivyo wimbo umefanya kazi ya mto uliokandamizwa mdomoni mwa mtu.

Naomba niongeze jambo la fundi wa simu. Kuna kipande kirefu ambamo fundi anakimbia katikati ya makabati marefu ya mitambo ya simu, akifuatilia waya mmoja baada ya mwingine, kutafuta simu inatoka wapi. Mtazamaji wa kwanza anaona mashaka: atawahi? Mtazamaji wa pili anamwona binadamu pekee katika mji huo ambaye kazi yake ni kusikiliza, naye anasikiliza waya. Jibu analolipata, kwamba simu inatoka ndani ya nyumba, lingeweza kupatikana na mtu yeyote aliyepanda ngazi mbili.

Na mwisho, mtu asiye na hatia anakufa. Peter, mchumba wa Jess, amegombana naye kwa sababu Jess ana mimba na hataki kuizaa. Ni kijana mwenye hasira, amevunja piano, amesema maneno mabaya. Hofu inamtazama yeye kwa sababu yuko karibu. Jess anamuua chini kwenye ghala akiamini ndiye, polisi wanafunga jalada, daktari anampa Jess dawa ya usingizi, wote wanatoka. Dari haijapekuliwa. Simu inalia tena. Kibandani tumezoea kusema kwamba steringi hafi, na hapa steringi hajafa kweli. Ameachwa amelala, peke yake na yule aliyemtafuta tangu mwanzo, ndani ya nyumba ambayo kila mtu ametosheka kwamba ni salama.

Hoja ya tatu nitaipitia kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa inathibitisha tu kwamba Black Christmas si bahati ya mtu mmoja. Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, imewekwa kwenye usiku ambao Wamarekani huvaa vinyago na kutishana kwa mzaha. Laurie, akikimbizwa, anagonga mlango wa jirani na kupiga yowe. Taa inawaka, pazia linachungulia, taa inazimwa. Jirani amedhani ni utani wa sikukuu. My Bloody Valentine ya mwaka 1981 ilipigwa kwenye mgodi wa kweli wa makaa ya mawe huko Sydney Mines, Nova Scotia, na chanzo cha mauaji yake ni hiki: wasimamizi wa mgodi waliondoka kazini kuwahi dansi ya Siku ya Wapendanao bila kupima gesi, gesi ikalipuka, wachimbaji wakafukiwa huku juu muziki ukipigwa. Watu wa mgodi wa Kiwira hawahitaji kuelezwa maana ya kuacha kupima gesi. Filamu hiyo ilikatwa vibaya na wakaguzi wa Marekani, na dakika kadhaa zilizoondolewa zilirudishwa mwaka 2009 ilipotolewa upya kwa sidii za nyumbani. Ni ushahidi mwingine kwamba kazi za namna hii hukamilika kwenye rafu ya sebuleni. Katika filamu zote tatu sikukuu inafanya kazi ile ile: mara ni wimbo, mara ni mzaha, mara ni dansi, na kila mara inatoa ruhusa ya kutosikia.

Hoja ya nne ni yetu. Mtu anaweza kuuliza kama haya yana mahali pa kushika kwa watu ambao Krismasi yao ni ya mvua, si ya theluji, na ambao hawana desturi ya kuimba mlangoni kwa jirani. Nadhani yana mahali, na tena panashika zaidi. Kwetu Desemba ni mwezi wa watu kurudi. Mabasi yanapanda Kitonga yamejaa, kila nyumba inasubiri mtu kutoka Dar es Salaam, na asiyefika ana maelezo tayari: amekosa nauli, amepata kazi, atakuja Mwaka Mpya. Baba wa Clare angeweza kusimama stendi yoyote ya Nyanda za Juu Kusini. Nyumba yetu ya sikukuu ina muziki mkubwa, ina wageni, mvua zikinyesha na ulanzi unaanza kukingwa, na kila mtu ana heshima ya kutouliza kwa nini mlango wa chumba cha uani umefungwa tangu asubuhi. Kuuliza ni kuharibu sikukuu.

Halafu kuna suala la msiba. Monica Wilson, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ibada za ukoo za Wanyakyusa mwaka 1957, alieleza kwamba shughuli za mazishi zilikuwa na kazi ya kumwondoa marehemu kati ya walio hai, kisha kumkaribisha tena kama mtu wa heri wa nyumba hiyo. Hapo ndipo mtazamaji wa Tukuyu anapoweza kuiona Black Christmas vizuri kuliko aliyeitengeneza. Kwa mtazamaji wa Kanada kitisho ni muuaji kubaki darini. Kwa mtu wa huku kitisho ni Clare mwenyewe: maiti iliyokalishwa kitini, haijaliliwa, haijaoshwa, baba yake hajui aanze matanga au aendelee kusubiri. Mussa Banzi alipotoa filamu yake ya kutisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika siku za mwanzo za muvi za Kibongo, aliiita Nsyuka, jina ambalo watu wa Rungwe na Kyela mnalijua bila kufasiriwa. Baadaye akatupa Shumileta, ya jini wa kike. Wakosoaji wa mjini walicheka damu za rangi na taa mbovu. Lakini Banzi alikwenda moja kwa moja kwenye hofu ambayo tayari ilikuwa na makao kwetu, na hakuhitaji kinyago cha kukodi.

Mfano wenye nguvu zaidi, hata hivyo, haumo kwenye filamu. Mwanzoni mwa mwaka 1995, wakati wa Ramadhani, hofu ya zimwi Popobawa iliibuka Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu waliogopa kulala vyumbani. Wakatoka na mikeka, wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto. Angalieni walivyofanya: badala ya kujifungia, kila aliyeshambuliwa au kudhani ameshambuliwa alisema hadharani, na majirani wakamsikiliza. Hiyo ni kinyume kabisa cha jirani wa Laurie na taa yake. Ningependa kuishia hapo na kuwasifu, lakini ukweli hauniruhusu. Huko Unguja umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili ukidhani ndiye Popobawa. Walisikiliza, halafu wakampata Peter wao. Hadithi za mumiani, zilizozunguka Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni, nazo zimewahi kuwaponza wageni wasiojua chochote. Kwa hiyo ninaposema filamu hizi zinahusu kusikia, sisemi kwamba anayesikia hofu amemaliza kazi. Jess alisikia simu zote, na bado alimuua asiyehusika.

Sasa niwajibu wanaopinga, ambao najua wamo humu na wana haki ya kuwamo.

Pingamizi la kwanza ni la wazazi na viongozi wa dini: filamu hizi zinaichafua sikukuu takatifu. Tarehe 9 Novemba 1984 kampuni ya TriStar ilitoa Silent Night, Deadly Night, yenye muuaji aliyevaa mavazi ya Baba Krismasi. Wazazi walisimama nje ya kumbi na mabango, matangazo yakaondolewa ndani ya siku chache, na baada ya muda mfupi filamu yenyewe ikaondolewa. Iliokolewa na kanda za video. Walioipinga walikuwa wameona hasa tangazo, shoka na bomba la moshi. Ukiirudia leo nyumbani, unakuta kisa cha mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa usiku wa Krismasi, akapelekwa kituo cha yatima, na huko kila alipoonyesha kuumia akapigwa na kufungwa kitandani, kwa jina la maadili mema. Anapokua anatoa adhabu alizofundishwa. Si filamu kubwa. Nusu yake ya pili ni upuuzi mtupu na siitetei. Nusu ya kwanza, lakini, inamlaumu mlezi anayeadhibu badala ya kuuliza, na sioni mchungaji au shehe atakayetofautiana nayo.

Pingamizi la pili ni la akina mama na dada wasomi: katika filamu hizi wanaochinjwa ni wasichana, na kamera inawatazama kwa uroho. Ni kweli kwa nyingi kati yake, na Carol Clover, aliyeandika kitabu kizima juu ya aina hii mwaka 1992, hakukwepa. Waigaji wa miaka ya 1980 walifanya hesabu rahisi: msichana akistarehe, afe. Ninachosema ni kwamba Black Christmas ilikuja kabla ya hesabu hiyo na inaikataa. Jess ndiye mwenye mimba asiyoitaka, na ndiye anayebaki hai. Wanaume wa kisa wanampuuza, wanamfokea au wanampa dawa alale. Anayerudia filamu hawezi kukosa kuona filamu iko upande gani.

Pingamizi la tatu linanisumbua zaidi, na siwezi kulimaliza. Mikoa yetu imeona visu vya kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, na bado kuna nyumba ambazo hazijapona. Miaka ya nyuma zaidi Mbeya ilivuma kwa mauaji ya kuchuna ngozi. Je, si ukatili kuwauzia watu waliopitia hayo picha za kuchinjana kama burudani ya sikukuu? Huko Marekani swali hili liliwahi kuulizwa juu ya Black Christmas yenyewe. Januari 1978, baada ya wanafunzi wa kike kuuawa kwenye nyumba yao huko Tallahassee, Florida, baadhi ya vituo vya televisheni vya majimbo ya kusini viliomba visiirushe, naona kwa haki kabisa. Kuna wakati wa kuzima kioo. Ninachokataa ni kuzima milele. Uingereza ilitunga sheria ya kanda za video mwaka 1984 kwa hofu kubwa, na filamu nyingi zilizozuiwa wakati huo leo zinauzwa kihalali. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ya mwaka 1976, imeipa Bodi ya Filamu kazi ya kukagua na kupanga madaraja, na madaraja ndiyo jibu langu. Shida yetu haiko kwa mtu mzima anayeirudia Black Christmas sebuleni kwake usiku. Iko kwenye kibanda cha mchana wa Krismasi, kilichojaa watoto wa miaka saba wenye nguo mpya na pesa ya sikukuu mkononi, wakionyeshwa chochote kilichopo kwenye flash. Wenye vibanda, nawaheshimu, na mmenikaribisha mtaani kwenu. Lakini hapo mna kesi ya kujibu. Mtoto hana uwezo wa kurudia. Anaona mara moja, anabaki na kisu tu.

Kuhusu wanaosema kazi hizi ni za bei nafuu na za mafundi wabovu, nitasema tu kwamba Bob Clark huyo huyo alitoa A Christmas Story mwaka 1983, filamu ya kifamilia ambayo Wamarekani hurudia kuitazama kila Desemba wakicheka. Ni mtu yule yule, sikukuu ile ile, nyumba iliyopambwa vile vile.

Nitazame mbele. Kwanza, kanda. Muvi za kutisha za Kiswahili za miaka ya 2000 ziko kwenye VHS na sidii zilizotupwa chini ya vitanda na nyuma ya maduka, na unyevu wa milima yetu unaziotesha ukungu. Vyuo vya Iringa na Mbeya vina wanafunzi, vina kompyuta, na mtaa huu una watu wanaojua nani alinunua nini. Orodha ingeanza wiki hii, kwa daftari tu. Pili, nawaomba waandishi vijana waiache theluji na waiandike nyumba yetu ya tarehe 24 Desemba: mgeni ambaye hajafika, muziki wa jirani, chumba cha uani. Hakuna haja ya kinyago. Tatu, kwa wenye vibanda: Desemba hii jaribuni onyesho la watu wazima peke yao, saa tatu usiku, filamu moja kwa jioni mbili mfululizo, kiingilio cha jioni ya pili kikiwa nusu. Jioni ya pili msimuliaji apunguze sauti kwenye onyesho la waimbaji, ili watu wasikie wimbo wenyewe na kisichosikika chini yake. Niko tayari kukaa mlangoni kukagua umri.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mikono mitatu tangu nilipomtaja mchungaji na shehe. Naomba tuanze na huo wa nyuma, wa mama mwenye kitenge cha bluu, kisha mwenye kibanda ajibu kesi yake.